Fundi Asilia na Gramafoni ya Mama Mkwe

Ukitaka kugombana na Fundi Asilia, mpelekee skrubu ya jokofu na umwambie inaingiliana na ya cherehani. Ataitazama skrubu, atakutazama wewe, kisha atakuuliza: jino lako la mbele likitoka, utakubali kuwekewa punje ya hindi kwa kuwa nayo inaingiliana? Wateja wa zamani hucheka. Wapya huondoka wamenuna, halafu baada ya siku chache utawaona wanarudi, kwa sababu mtaa mzima hauna mtu mwingine wa kuifufua mashine ya kizamani ikatembea kama ilivyotoka kiwandani.

Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alibandikwa na kinyozi wa jirani, ambaye ukuta wake na ukuta wa fundi ni mmoja, kwa hiyo kila siku husikia mashauri yote. "Hiyo si asilia. Nimesema nataka asilia. Kama si asilia, rudi nayo." Kinyozi alianza kwa utani, mtaa ukadaka, na leo ukiuliza jina lake halisi hata wifi zake watajikuna kichwa kwanza.

Hakuanzia kwenye gramafoni. Alikuwa mshonaji, na cherehani yake ya kwanza alipewa na shangazi yake, cherehani ya mkono yenye maua ya dhahabu yaliyofutika nusu. Ilipogoma, aliipeleka kwa fundi wa baiskeli. Yule bwana akakata hapa, akachomelea pale, akatia nati ya gurudumu la nyuma, akairudisha inashona. Inashona, ndiyo, lakini inaruka mishono na kunguruma kama mtu anayetafuna mchanga. Mshonaji wetu alilia siku nzima. Kesho yake akatandika shuka jeupe mezani, akaifungua cherehani yote, kipande kwa kipande, akazunguka mji mzima kutafuta cherehani nyingine ya aina ile ile iliyokufa kwa ugonjwa tofauti. Alipoipata akahamisha kilicho kizima, na shangazi, aliyekuwa bado hai wakati huo, akasikia mlio wake wa zamani akapiga vigelegele. Tangu hapo mshonaji akala yamini kwamba hatatia kitu kigeni ndani ya mashine ya mtu.

Baada ya cherehani zikaja saa za ukutani, baada ya saa zikaja taipureta, na baada ya taipureta zikaja gramafoni, zile za kuzungusha kwa hendeli, zenye tarumbeta kubwa au kisanduku tu. Chumba chake cha kazi ni kile cha mbele, chenye dirisha la kuangalia barabara. Rafu zimejaa makopo ya mafuta ya kupikia, na juu ya kila kifuniko amegandisha kwa gundi kimoja kati ya vilivyomo ndani: skrubu, springi ndogo, kichwa cha sindano. Hakuna anayeruhusiwa kufagia humo. Yeye mwenyewe hufagia kwa sumaku iliyofungwa kwenye fimbo, maana skrubu ikidondoka huenda ndiyo ya mwisho iliyobaki duniani, na ukiifagilia jaani utajibu nini?

Mumewe ni mpishi wa shule, mtu mnene, mpole, mwenye sauti nzito iliyokomazwa na kupiga kelele juu ya masufuria makubwa. Kazi za mkewe hazielewi hata kidogo ila anazivumilia, kama mkewe anavyovumilia nguo zinazonuka moshi wa kuni. Wameishi hivyo kwa raha zao mpaka alipohamia mama mkwe.

Mama mkwe ni mfupi, mnyoofu kama ufito, na ulimi wake unaweza kukwangua sufuria lililoungua. Kusifu hakujui. Ukimpa kitu hukisema kilivyo, akaishia hapo. Siku mkamwana wake alipomshonea gauni la hariri kwa mkono wake mwenyewe, aliligeuza ndani nje, akalirudisha nje ndani, akasema, "Lina mikono miwili." Alipohamia chumba cha nyuma baada ya kufiwa na mumewe, alikuja na sanduku la nguo, kiti chake cha kamba, na gramafoni iliyoviringishwa kwenye blanketi. Gramafoni ile ilinyamaza mwaka aliofariki baba mkwe na haikuimba tena. Fundi Asilia alipoiona, mate yalimjaa kinywani. Akaomba kuifungua.

"Hapana," mama mkwe akasema. "Nakujua. Wewe ukifungua, unafungua yote."

Ikawa imefungwa hivyo hivyo chini ya kitanda, na fundi akipita mlangoni hugeuza shingo kama mtu anayepita karibu na mchumba wake wa zamani.

Kilichobadilisha mambo ni masikio. Kwanza ilionekana kama kiburi. Fundi Asilia, ambaye sauti yake ni nyembamba, alikuwa akimwita mama mkwe mara tatu nne bila jibu, lakini mwanawe akinong'ona tu kutoka jikoni, mama anageuka. "Ananifanyia makusudi," fundi akamlalamikia mumewe. Mumewe akampeleka mama kwa daktari wa masikio, akarudi uso umemshuka.

"Masikio yanajifunga," alisema. "Daktari anasema sauti nyembamba ndizo zinatangulia kuondoka. Nzito zitafuata. Inaweza kuwa polepole, inaweza isiwe. Amempa kile kifaa cha kuweka sikioni, mama amekataa. Anasema hataki mdudu."

Fundi aliona aibu kwa yale manung'uniko yake yote. Siku hiyo hiyo jioni mama mkwe alikuja chumba cha mbele, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, amekumbatia blanketi. Akaiweka gramafoni mezani katikati ya makopo.

"Ifungue," alisema. "Nataka kumsikia Bwana Mzito kabla sijafungiwa mlango."

Bwana Mzito alikuwa mwimbaji. Kati ya santuri zote za marehemu ilisalia moja, nyingine zilivunjika au zilipindwa na jua, na hiyo moja karatasi yake ya katikati ililiwa na mende zamani, kwa hiyo hakuna aliyejua jina la mtu wala la wimbo. Marehemu ndiye aliyemwita Bwana Mzito kwa ile sauti yake ya kutokea tumboni. Watoto wote wa nyumba ile walilala usingizi kwa sauti hiyo. Mama mkwe hakutaka kingine. Alitaka kuusikia wimbo ule mara moja, masikio yakiwa bado yake.

"Utausikia, mama," fundi akasema. Mama mkwe hakusikia. Ikabidi mumewe arudie kwa sauti yake ya jikoni: "Anasema utausikia!"

"Ningeshangaa," mama mkwe akajibu, akaenda zake kulala.

Fundi Asilia aliifungua yote, kama alivyotabiriwa. Akatandika shuka jeupe, akapanga. Springi kuu ilikuwa imekatika vipande viwili. Kile kigae chembamba cha ulanga kwenye kichwa cha sauti, kinachotetemeka ili wimbo utoke, kilikuwa na ufa toka ukingo hadi ukingo. Ngozi ya gavana, yaani ile pedi ndogo ya kidhibiti mwendo, inayoizuia sahani isizunguke ovyo, ilikuwa imekauka ikawa ngumu kama kucha. Na nyuma ya mkono wa gavana, mahali ambapo hapakutakiwa kitu kabisa, alikuta kijiti. Kijiti cha mti, cheusi kwa grisi, kimechongwa kwa kisu na kushindiliwa hapo kwa nguvu.

Alikichomoa kwa koleo, akakipeleka dirishani kwenye mwanga, akamwita kinyozi aje ajionee.

"Tazama unyama huu," alisema. "Mtu kachonga ukuni kautia kwenye gavana! Yaani kuna mafundi wanafaa kufungwa jela."

"Labda alikuwa na sababu," kinyozi akasema.

"Sababu gani? Alishindwa kazi, basi." Na kijiti akakitupa kwenye jiko la mkaa lililokuwa linachemsha chai.

Kilichobaki kilikuwa vipuri, na vipuri vilikuwa na mtu wake: Bwana Kutu, muuza vyuma chakavu, mzee mwenye koti moja kwa misimu yote. Bwana Kutu alikuja na mfuko unaong'aa. Springi mpya kabisa, ngozi ya kisasa, na badala ya ulanga, duara la plastiki lililokatwa kwa mashine.

"Hivi vinaingiliana," akasema, na hapo hapo akajua amekosea. Akainua mikono juu. "Sawa, sawa, sijasema kitu. Lakini asilia ya mwaka ule, fundi, nitaitoa wapi? Nichimbe makaburi?"

"Chimba," fundi akamwambia.

Wiki zikapita. Bwana Kutu alikuja na gramafoni ya mwaka tofauti, fundi akaikataa. Akaja na ya kiwanda tofauti, akaikataa bila hata kumkaribisha kiti. Mumewe akaanza kuona maji yamefika shingoni.

"Mke wangu, weka hiyo plastiki. Mama asikie, halafu asilia yako itafuata."

"Nikiweka plastiki atasikia plastiki. Ametaka gramafoni ya mume wake."

"Ametaka kusikia."

"Nitamsikilizisha kilicho sahihi au sitamsikilizisha kitu."

Mpishi hakuwa mtu wa ugomvi. Akachukua mwiko wake akaenda kazini mapema kuliko kawaida, na kwa watu waliojuana vizuri kama wao, hiyo ilikuwa kelele ya kutosha.

Kilichomchoma zaidi fundi hakikuwa mumewe. Asubuhi moja alikuta mama mkwe ameketi kwenye kiti chake cha kamba uani, uso juu. Juu ya bati ndege wadogo walikuwa wanapiga kelele mpaka zinakera. Mama mkwe akamgeukia.

"Mwaka huu ndege hawakuja?" akauliza.

Fundi alirudi chumba cha mbele, akaushika ule mfuko alioacha Bwana Kutu, akalitoa duara la plastiki, akalishika juu ya kichwa cha sauti. Lingeingia. Lingeimba siku hiyo hiyo kabla ya chakula cha mchana. Mkono wake ukagoma. Alikuwa na kichwa kigumu, hilo hatutaficha, na alikuwa amejiambia kwa miaka mingi kwamba kazi ikifanywa sawasawa, mengine yote yatajipanga yenyewe. Akalirudisha mfukoni, akawa na roho juu tangu siku hiyo. Kila mama mkwe alipochelewa kuitika, fundi aliona anamwibia mtu kitu.

Mwishowe Bwana Kutu akaja anakimbia, koti linapepea. Kwenye stoo ya nyumba moja ya wageni aliikuta gramafoni ya kiwanda kile kile, mwaka ule ule, imewekewa chungu cha maua juu kama meza. Mbao zilikuwa zimeoza kwa maji lakini tumbo lilikuwa kavu. Fundi alimpokea kama mkwe mpya. Springi ilikuwa nzima. Ulanga ulikuwa mweupe, hauna mkwaruzo. Ngozi bado ilikuwa laini. Alikesha nayo? Hapana, fundi huyu hafanyi kazi kwa taa, anasema taa ni mwongo. Aliamka kabla ya jua, akafanya kazi mpaka jua lilipozama, siku baada ya siku, akasafisha kila jino la gurudumu kwa mafuta ya taa na brashi ya meno, akapaka grisi, akabandika kitambaa kipya cha sahani kilichokatwa kutoka kwenye kipande cha zamani. Kisha akaweka karatasi nyeupe ukingoni mwa sahani, akahesabu mizunguko kwa kuitazama saa ya ukutani, akairekebisha gavana mpaka ikazunguka kwa mwendo ule ule ulioandikwa chini ya kisanduku. Hakuna tone la makosa. Hata kinyozi, ambaye haoni tofauti ya kitu chochote kisicho nywele, alisema imetulia.

Jumapili mchana walimkalisha mama mkwe sebuleni. Alikuwa amevaa lile gauni la hariri lenye mikono miwili. Mumewe alisogeza kiti karibu na kisanduku, fundi akazungusha hendeli, akaweka sindano mpya, akaishusha polepole juu ya santuri.

Wimbo ukatoka. Ulikuwa safi, mwepesi, na ulikuwa unakimbia. Mpishi akaacha mdomo wazi.

"Huyu ni mwanamke," akasema.

Kweli, alikuwa mwanamke. Sauti nyembamba, tamu, inayopanda juu na kurukaruka kama mtoto anayeshuka ngazi. Bwana Mzito hakuwepo. Fundi na mumewe walitazamana, na kwa kweli walikuwa karibu kuvunjika mbavu kwa kicheko, mpaka walipomtazama mama.

Mama mkwe alikuwa ameinama, sikio karibu kabisa na kisanduku. Akanyanyua macho.

"Naona inazunguka," alisema. "Mbona haiimbi?"

"Inaimba, mama!" mwanawe akasema.

Akainama tena. Akategea. Kisha akaketi wima, akaweka mikono yake juu ya magoti. "Nasikia kama panya anakwaruza mbali. Basi." Akaiangalia sahani inavyozunguka. "Basi, mlango umefungwa. Tumechelewa."

Akasimama, akajinyoosha gauni, akaenda chumbani kwake bila kugeuka nyuma. Santuri iliendelea kuimba peke yake mpaka ikaisha. Hakuna aliyeiondoa sindano.

Fundi Asilia hakulia palepale, maana kwanza alikuwa na hasira, na hasira ilikuwa juu yake mwenyewe. Wiki zote zile! Alikaa kumsubiri Bwana Kutu kwa ajili ya kigae cha ulanga na kipande cha ngozi kisichozidi ukucha, na huku sauti zinatoka kwenye masikio ya mama moja baada ya nyingine. Angeweka plastiki, mama angesikia. Alimwambia mumewe hivyo, kwa maneno hayo hayo, na mumewe, ambaye angeweza kumwambia nilikuambia, hakusema. Akaenda kuosha vyombo. Na kama alivyozoea akiosha vyombo, akaanza kuuimba ule wimbo kwa mluzi, kisha kwa sauti, kama alivyoufahamu toka utotoni: chini kabisa, polepole, kila neno linakanyaga mahali pake kabla ya kupaacha.

Fundi akatoka sebuleni akasimama mlangoni.

"Ndivyo ulivyokuwa?"

"Ndivyo. Ulikuwa unatembea. Huu wako unakimbia kama umeiba."

"Nyembamba zinatangulia kuondoka," fundi akasema, akajishika kichwa. "Nzito zinabaki. Wewe anakusikia. Mimi hanisikii. Na mimi nimeenda kumtengenezea mwimbaji wa kutosikika!"

Akakimbilia chumba cha nyuma. Mama mkwe alikuwa amelala chali, gauni lake bado mwilini, anatazama dari. Fundi akapiga magoti kando ya kitanda, akashusha sauti yake mpaka ilipoishia, akaongea kama mzee mwenye mafua.

"Mama! Ile gramafoni ilikuwa na kijiti ndani yake!"

Mama mkwe akageuza kichwa. Kwa mara ya kwanza kwa miezi mingi alimsikia bila kurudiwa. "Kwa nini unaongea kama beberu?"

"Kijiti, mama! Kwenye gavana! Nani alikitia?"

Bibi yule akamtazama, na polepole uso wake ukafunguka.

"Baba yenu," akasema. "Alikichonga kwa kisu cha kukatia kamba. Yule mtu alikuwa anapenda kucheza, lakini miguu yake ilikuwa mizito, Mungu amrehemu, ukicheza naye unaomba vidole vyako vipone. Tulinunua santuri ile, ikawa inakwenda mbio. Kabla hajageuka, wimbo umekwisha. Akawa anakasirika. Siku moja akaifungua mashine, akaikaba koo kwa kijiti, ikapungua mwendo. Akasema, 'Sasa na mimi nitafika.' Na kweli akafika." Akacheka kidogo, kicheko cha puani. "Mwimbaji siku aliyoingia nyumbani alikuwa mwanamke. Baba yenu ndiye aliyemgeuza bwana. Watoto wakazaliwa, wakamkuta hivyo. Mimi nikanyamaza. Ingenisaidia nini kusema?"

Fundi Asilia akakumbuka. Alikuwa amesimama dirishani na koleo, mbele ya shahidi, akamtukana baba mkwe wake kwamba anafaa jela. Kisha akakichoma kitu pekee ndani ya mashine ile ambacho marehemu alikitengeneza kwa mkono wake, akachemshia chai. Na chai yenyewe aliinywa. Alimwambia mama mkwe yote, kwa ile sauti ya beberu, hakuficha neno. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho.

"Ilikuwa na sukari?" akauliza.

"Mama, nisamehe."

"Nimekuuliza kuhusu sukari ili usilie. Inuka. Kama kijiti kimeungua, kuni zimeisha duniani?"

Sasa utamwona fundi wetu mahali ambapo hakuwahi kujiona. Mashine mbele yake ilikuwa kamili. Hapakuwa na skrubu ndani yake isiyokuwa ya kiwanda chake na mwaka wake, na katika maisha yake ya ufundi hakuwahi kutengeneza kitu safi kama kile. Kwanza alijaribu njia ya heshima: alisogeza kile kisukuma cha mwendo kilichotoka na mashine yenyewe mpaka mwisho wa upande wa polepole. Mwimbaji akapungua kidogo, lakini akabaki mwanamke. Haikutosha. Mpishi alisimama nyuma yake, mikono bado ina povu la sabuni.

"Nipe mwiko wako," fundi akasema.

"Upi?"

"Wowote. Huo wa shule."

Mpishi alimpa. Ni mwiko aliotumia kusongea vyakula vya watoto wa watu kwa miaka, mpini umelainika kwa mkono wake. Fundi akaukata ncha ya mpini kwa msumeno mdogo, mumewe akafumba macho. Akachonga kipande, akakipima, akachonga tena. Hakuwa na mfano wa kufuata, mfano aliuchoma mwenyewe. Alikisukuma nyuma ya mkono wa gavana, kikatoka. Akakichonga kikawa kinene upande mmoja, akakishindilia kwa kisigino cha nyundo, na alipokishindilia alitoa mguno kama mtu anayejing'oa jino. Kipande cha mwiko wa jikoni ndani ya gavana ya asilia. Bwana Kutu angeona angeanguka.

Akazungusha hendeli, akairekebisha, akasikiliza. Bado haraka. Akakisukuma kidogo zaidi. Mwimbaji akaanza kushuka ngazi, mwanamke akawa kijana, kijana akawa mtu mzima, na ghafla mpishi akamshika mkewe bega.

"Hapo," akasema. "Hapo hapo. Usiguse tena."

Hawakumwita mama. Waliibeba gramafoni wote wawili, huku na huku, kama jeneza dogo lenye furaha, wakaipeleka chumba cha nyuma wakaiweka kwenye kiti cha kamba kando ya kitanda. Jua la alasiri lilikuwa limeingia hadi nusu ya sakafu. Fundi akashusha sindano.

Bwana Mzito akaanza kuimba. Aliimba kutoka tumboni, hana haraka na mtu, kila neno linasimama kidogo kabla ya kuondoka. Kitanda kilikuwa cha chuma na kilitetemeka kidogo pamoja naye. Mama mkwe alikuwa bado chali. Hakusogea. Kwa muda fundi aliona kwamba hapana, hili nalo limeshindikana, masikio yamekwisha kweli.

Kisha midomo ya mama mkwe ikaanza kwenda. Alikuwa anaimba naye, kwa sauti ya chini, na maneno yalikuwa yanaanguka mahali pake kabisa. Akaketi. Akateremsha miguu. Akamnyooshea mwanawe mkono bila kumtazama, na mpishi, mnene kama alivyo, mikono yake ya sabuni, akamshika mama yake wakaanza kuzunguka katika ile nafasi finyu baina ya kitanda na kabati.

"Unanikanyaga," mama mkwe akasema.

"Samahani, mama."

"Usiombe samahani. Endelea."

Wakazunguka. Wimbo ulikuwa mrefu sasa, ukawatosha kugeuka na kurudi. Karibu na mwisho mama mkwe alimtazama fundi juu ya bega la mwanawe, macho yamejaa maji na hayafichi.

"Mkamwana," akasema. "Umeiharibu kama yeye alivyoiharibu."

Fundi Asilia alilia hapo, kwa sauti, bila kujifuta. Alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata kwa kazi yoyote iliyo sahihi. Sindano ilipofika mwisho ikaanza kukwaruza, mama na mwana walibaki wamesimama wameshikana, wanasubiri. Akaishika hendeli, akazungusha mpaka ikakaza, akawaanzishia tena.